Je, Wajua? Vita vya Vifaru kwa Barua Pepe

Je, wajua kwamba…

…jina la kifaru kwa Kiingereza lilikuwa la kupoteza maboya? Kulinda siri, Waingereza waliliita gari hilo "tangi", adui adhani ni chombo cha maji. Liliingia vitani mara ya kwanza tarehe 15 Septemba 1916, huko Flers-Courcelette, Ufaransa. Mswahili hakudanganyika: zito, gumu la ngozi, lina pembe mbele. Akaliita kifaru.

…watu walipigana kwa posta kabla vifaru havijabuniwa? Kati ya 1824 na 1828, vilabu vya sataranji vya London na Edinburgh vilitumiana hatua moja moja kwa barua. Edinburgh ilishinda.

…kifaru kilipata ubao wake mwaka 1970? Kampuni ya Marekani, Avalon Hill, ilitoa PanzerBlitz, mchezo uliobuniwa na Jim Dunnigan. Vifaru vya Wajerumani na vya Wasovieti vilikuwa vipande vya karatasi ngumu, vikisogezwa juu ya ramani yenye vyumba vya pembe sita.

…soko la hisa liliwahi kuwa dadu? Ukirusha dadu nyumbani kwako, mpinzani aliye mji mwingine atajuaje kwamba husemi uongo? Wachezaji wa michezo ya Avalon Hill kwa posta walikubaliana mapema juu ya kampuni na tarehe. Gazeti likitoka, tarakimu ya mwisho ya mauzo ya hisa za kampuni hiyo ndiyo iliyoamua matokeo ya shambulio.

…barua pepe iliondoa bahasha, haikuondoa subira? Ray Tomlinson alituma barua pepe ya kwanza kati ya kompyuta mbili za mtandao mwaka 1971, akitumia alama ya @. Katika Combat Mission, mchezo wa kompyuta uliotoka mwaka 2000 na unaochezwa pia kwa barua pepe, kila mmoja hutoa amri zake bila kuona za mwenzake. Kisha kompyuta huzitekeleza zote kwa pamoja, sekunde 60 tu za vita. Faili ya zamu hurudi kwa mwenzako kwa barua pepe, nawe unangoja. Pigano la nusu saa lina zamu 30. Mkimaliza zamu moja kwa siku, nusu saa hiyo itakula mwezi mzima.

…kifaru chako kinaweza kufyatua risasi wewe ukiwa usingizini? Katika Steel Panthers, mchezo wa kompyuta wa mwaka 1995, wachezaji hupokezana zamu. Kifaru kilichobakiza risasi hufyatua chenyewe adui anapokatiza mbele yake, hata kama zamu ni ya adui. Mpinzani akicheza saa nane usiku, wewe unakoroma, jeshi lako linapigana. Asubuhi unafungua barua pepe kuhesabu vilivyosalia.