Uzi ukikatika, mtoto anaingia majini

Ndugu wamama, juma hili tunaomba tuzungumze juu ya kitu kidogo ambacho wengi wetu hatukiangalii: uzi wa ndoana. Mtatuuliza, je, kuvua samaki si kazi ya wanaume? Ndiyo, lakini pesa ya kununua uzi inatoka mfukoni mwa nani? Ni nani anayengojea samaki jioni, maji yakiwa tayari motoni? Na ni watoto wa nani wanaosimama juu ya mawe siku ya posho na siku ya Mungu, ndoana mikononi? Ni watoto wetu.

Kiangazi kilichopita, hapa Kalemie, kikundi chetu kilitoa pesa ya likelemba tukanunua bobini moja kubwa ya uzi wa niloni. Bei ilikuwa ya kupendeza. Mwenye kuuza alikuwa ameitundika mbele ya meza yake, kwenye jua, na juu ya karatasi yake iliandikwa 0,40. Tukafurahi, tukagawana nyumba 12. Majuma mawili hayakuisha, malalamiko yakaanza. Huyu uzi umekatika, yule amepoteza ndoana tatu kwa siku moja.

Tungesema ni hasara ya pesa tu, tukanyamaza. Lakini mtoto wa mmoja wetu, mwanafunzi wa darasa la tano, alinasa kambale mkubwa. Alipomfikisha karibu na mawe, uzi ukakatika. Ndoana ile ilikuwa ya kaka yake, na nyumbani hapakuwa na nyingine. Mtoto akaogopa kurudi mikono mitupu, akaingia majini kuufuata ule uzi. Ninyi mnalijua ziwa letu: hatua mbili maji ya magoti, hatua ya tatu hakuna chini. Wavuvi waliokuwa wakishona nyavu zao pale karibu ndio waliomtoa. Yuko mzima, tunamshukuru Mungu. Tangu siku hiyo tukasema: hatutanunua tena uzi kwa macho na bei peke yake.

Uzi unapigana na nini?

Watu hufikiri kwamba uzi unapigana na samaki tu. Hapana. Kwanza unapigana na mawe. Uzi wa niloni uliovutwa kwa nguvu, ukigusa ncha ya jiwe, unakwaruzwa, na pale palipokwaruzwa ndipo patakapokatika. Hapa kwetu mambo yamezidi, kwa sababu miaka hii maji ya Tanganyika yalipanda na kuingia katika nyumba za watu, Kalemie hata Uvira. Kuta zilizoanguka ziko chini ya maji, na matofali yanakata uzi kama wembe.

Pili, unapigana na jua. Jua linaila niloni polepole. Uzi ulioanikwa nje miezi mingi unaweza kuonekana mzima, kumbe umeoza. Bila shaka ndiyo iliyotupata sisi.

Tatu, unapigana na maji yenyewe. Niloni inakunywa maji kidogo, na ikilowa inapungukiwa na nguvu, karibu sehemu moja kwa kumi.

Nne, unapigana na fundo. Fundo baya linaweza kupunguza nguvu ya uzi hadi nusu. Ndiyo maana mara nyingi ukiangalia uzi uliokatika, utaona umekatikia pale pale kwenye ndoana.

Kusoma karatasi ya bobini

Kwenye bobini kuna namba mbili za kutafuta. Ya kwanza ni unene, kwa milimita: 0,30, 0,40, 0,50. Ya pili ni uzito ambao uzi unaweza kuvuta, kwa kilo. Bobini isiyo na namba ya kilo, iulizie maswali mengi kabla ya kulipa.

Uzi wa niloni wa 0,30 mara nyingi huandikwa kati ya kilo 5 na 7. Wa 0,40 huandikwa kati ya kilo 9 na 13. Wa 0,50 huandikwa kati ya kilo 14 na 20. Ukiona 0,30 imeandikwa kilo 20, jua kwamba ama unene ama kilo, kimoja ni uongo.

Hapa tunakumbusha hesabu tunayowafundisha watoto. Uzi wa 0,40 ni mnene mara mbili kuliko wa 0,20, lakini nguvu yake si mara mbili, ni karibu mara nne. Ni kwa sababu nguvu inafuata ukubwa wa mkato wa uzi, si upana wake tu. Basi tofauti ndogo ya namba ni tofauti kubwa majini.

Tununue basi ule mnene kuliko wote? Hapana. Uzi mnene sana ni mgumu, hautupiki mbali, mawimbi yanausukuma, na samaki anauona. Kwa mtoto anayevua kambale na tilapia kando ya ziwa, 0,40 inatosha. Kwa mtu mzima anayetafuta kuhe au sangala mkubwa penye mawe, 0,50 au 0,60 ni afadhali.

Kuna pia uzi wa kusuka, ambao ni mwembamba na una nguvu nyingi. Ni mzuri kwa mwenye fimbo na mashine ya kukunjia. Lakini bei yake iko juu, mawe yanaukwaruza upesi, na hauvutiki hata kidogo. Samaki akivuta ghafula, unakata vidole. Kwa mikono ya watoto, tunaukataa. Niloni inavutika kidogo kabla ya kukatika, na kule kuvutika kunapokea kishindo cha samaki.

Jaribio la bidoni

Hili ndilo jambo tunalotaka kila mama akumbuke. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Basi bidoni ya manjano ya lita 20, tuliyo nayo nyumbani sote, ni mizani yetu.

Mwombe mwenye butiki akukatie mita mbili, hata kama utazilipia. Asikukatie zile za juu peke yake, akupe na za ndani, kwa sababu za juu ndizo zilizopigwa na jua. Nyumbani, lowesha uzi ndani ya maji nusu saa. Funga ncha moja kwenye mkono wa bidoni kwa fundo lile lile la ndoana. Ncha nyingine izungushe mara nyingi kwenye kipande cha mti, kisha uifunge. Tia maji lita 3, inua polepole kwa kushika mti, bidoni itoke chini kidogo tu, miguu ikiwa mbali. Ongeza lita moja moja.

Uzi mzuri wa 0,40, umelowa na una fundo, unapaswa kuinua lita 7 bila shida. Uzi wetu wa kiangazi ulikatika kwenye lita 3. Kama tungefanya jaribio hili siku ya kununua, tungeokoa pesa ya nyumba 12.

Na mbele ya meza ya muuzaji, kabla hata ya bidoni, fanya haya. Pitisha uzi kati ya kucha mbili: ukisikia mikwaruzo, uache. Angalia rangi: uzi uliofifia na kuwa kama una unga mweupe, uache. Funga fundo moja katikati na uvute kwa ghafula, mikono ikiwa imefungwa kitambaa: ukikatika kwa urahisi, uache. Na bobini iliyotundikwa juani, hata ikiwa bei nusu, uache.

Fundo na uzito

Fundo tunalowafundisha watoto ni hili. Pitisha uzi kwenye tundu la ndoana. Uzungushe juu ya uzi mkubwa mara tano au sita. Rudisha ncha katika kitundu kidogo kilichobaki karibu na ndoana. Sasa lowesha kwa mate au maji, kisha kaza polepole. Ukikaza fundo likiwa kavu, uzi unajisugua, unapata moto, unadhoofika. Kata ncha, ubakize milimita 3.

Uzito wa kuzamisha ndoana nao una sheria yake kwa wale wanaozungusha na kutupa mbali. Kila gramu 50 zinaomba uzi wa kilo 8 angalau. Gramu 100 zinaomba kilo 16. Mtoto akifunga uzito mkubwa kwenye uzi mwembamba, siku uzi utakapokatika akitupa, lile jiwe au chuma litaruka kama la teo, na kichwa cha mwenzake kiko karibu. Kwa watoto tusivuke gramu 50. Na penye mawe, mita moja au mbili za mwisho ziwe za uzi mnene zaidi, 0,50, ndizo zinazosuguliwa.

Tusiwape watoto risasi ya kuyeyusha wala ya kubana kwa meno. Risasi ni sumu, na inaharibu akili ya mtoto. Boloni ya zamani au jiwe lenye tundu linafanya kazi ile ile.

Kuutunza

Jioni, osha mchanga, kausha kivulini, weka ndani ya kopo lenye kifuniko, mbali na jua na moto. Kila baada ya kuvua penye mawe, kata mita moja ya mwisho na ufunge ndoana upya. Mita moja ni bei ndogo kuliko samaki mmoja. Uzi uliokwisha usitupwe ufukoni: niloni haiozi upesi, inafunga miguu ya ndege na ya watoto wetu wenyewe. Ukatekate, uutie ndani ya chupa.

Na tuwaambie watoto maneno matatu kila wanapotoka. Usizungushe uzi mkononi, uzungushe kwenye kopo au kipande cha mti. Usiende peke yako. Na uzi ukikatika, uache uende.

Hilo la mwisho ni zito, kwa sababu mtoto ataliamini tu kama sisi wenyewe tunalimaanisha. Yule mtoto hakuingia majini kwa ujinga. Aliingia kwa kuogopa kelele zinazomngoja nyumbani. Basi turekebishe uzi, na turekebishe na midomo yetu. Arudipo bila samaki na bila ndoana, tumpokee kwanza, tumuulize baadaye.

Katika mkutano wetu ujao, kila mama alete mita mbili za uzi anaotumia nyumbani. Bidoni na maji vitakuwepo. Tutaupima pamoja, mbele ya wote, kabla likelemba haijatoa tena hata franka moja.