Pumzi Inapokwama Kooni

Mwanafunzi wa miaka 15 yumo kwenye mbio za mita 1,500. Mzunguko wa mwisho anakaza mwendo, mara koo linambana, na kila akivuta hewa anatoa mlio mkali unaosikika hadi pembeni mwa uwanja. Anasimama, anashika shingo. Baada ya dakika chache anapumua vizuri. Anaambiwa ana pumu na anapewa inhela, lakini mashindano yanayofuata hali ni ileile.

Kabla ya kumwongezea dawa, mtoto huyu aulizwe swali moja: pumzi ilikwama ukivuta, au ukitoa?

Nyuzi za sauti zimo ndani ya kikoromeo, kwenye lango la njia ya hewa. Tunapovuta pumzi hutanuka, tunaposema husogeleana. Kwa mwenye hitilafu ya nyuzi za sauti, husogeleana wakati uleule anapovuta hewa, pengine zikabakiza upenyo mdogo tu upande wa nyuma. Inhela ya pumu hutanua vijia vya hewa vilivyo ndani ya mapafu. Kama vijia hivyo havijabana, inhela haina cha kutanua.

Dalili nyingi hueleweka kwa kujua mahali penye shida. Mgonjwa wa pumu kwa kawaida hulalamikia kifua, na filimbi yake husikika zaidi anapotoa pumzi. Mwenye hitilafu ya nyuzi huonyesha koo kwa kidole, mlio wake huja anapovuta, na mara nyingi sauti hukwaruza au hupotea kwa muda. Daktari akisikiliza shingoni, mlio huwa mkubwa kuliko kifuani.

Saa nayo inasema mengi, na kwa maoni yangu hatuiulizi vya kutosha. Pumu inayochochewa na mazoezi kwa kawaida hufika kilele dakika 5 hadi 15 baada ya mtu kupumzika, na huweza kudumu nusu saa au zaidi. Hitilafu ya nyuzi hupanda pale mwili unapofanya kazi kwa nguvu zote, kisha hutulia upesi, mara nyingi ndani ya dakika 5 baada ya kusimama. Usiku pia uulizwe: pumu isiyodhibitiwa huamsha watu alfajiri kwa kikohozi; hitilafu hii ni nadra kumwamsha aliyelala.

Kisha vichochezi. Wengine hushikwa wakinusa marashi, moshi wa udi, sabuni kali za chooni au klorini ya bwawa la kuogelea. Kiungulia na makamasi yanayoteremkia kooni huchangia, na wasiwasi pia. Hili la mwisho limewaumiza wagonjwa. Mwaka 1842 daktari Robley Dunglison aliihusisha hali kama hii na histeria, na fikra kwamba mgonjwa anaigiza ikadumu muda mrefu. Ni mwaka 1983 ndipo madaktari wa Denver, Marekani, walipoeleza wagonjwa 5 waliokuwa wakitibiwa pumu isiyopona, wakaziona kwa macho nyuzi zao zikifunga. Koo linalojifunga bila mtu kutaka si uigizaji.

Mwaka 2014 watafiti wa Pittsburgh walilinganisha wagonjwa wa hitilafu hii na wale wa pumu, wakapata mambo manne yanayosaidia kuwatofautisha: koo kubana, sauti kubadilika, kukosekana kwa filimbi ya kifuani, na harufu kuwa kichochezi. Hata hivyo dalili huelekeza tu, hazithibitishi. Katika wagonjwa 95 wa hitilafu hii walioripotiwa Denver mwaka 1995, zaidi ya nusu walikuwa na pumu pia. Kwa hiyo usiitupe inhela kwa sababu umejitambua katika makala haya.

Uthibitisho hupatikana kwa mrija mwembamba wenye kamera, unaopitishwa puani wakati dalili zipo. Kati ya shambulio na shambulio, nyuzi huonekana nzima, na kipimo kikawa bure. Ndiyo maana huko Bergen, Norwei, wataalamu humkimbiza mgonjwa kwenye mashine kamera ikiwa tayari kooni. Hospitali nyingi za kwetu hazina mpango huo, lakini simu zipo: ndugu arekodi shambulio kwa picha na sauti, aandike lilianza lini, likaisha lini, na kipi kilitangulia.

Kurekodi kusimcheleweshe mtu mwenye midomo ya bluu au uso uliovimba baada ya kula au kuumwa na mdudu, mtoto aliyepaliwa na kitu, au mwenye homa anayetoa udenda kwa kushindwa kumeza. Hao wakimbizwe hospitali mara moja.

Ikithibitishwa ni nyuzi, tiba kuu ni mazoezi ya kupumua chini ya mtaalamu wa sauti na usemi: kuvuta hewa puani kwa vipande vifupi, kuitoa polepole kwa midomo iliyobinywa, mabega yakiwa yamelegea. Mkimbiaji hujifunza akiwa ametulia kwanza, kisha akitembea, halafu akikimbia, hadi aweze kuyatumia mara tu koo linapoanza kubana.