Jeni ya PHO5 na Haki ya Waliotangulia (Makala ya Nne)

Habari ya tarehe 4 Oktoba kutoka Stockholm, ya kwamba Nishani ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2006 alipewa Roger Kornberg wa Chuo Kikuu cha Stanford kwa kubainisha namna seli zenye kiini zinavyonakili jeni zao, ilinifurahisha kwa sababu isiyohusiana na fedha wala sherehe: kazi ile ilifanywa kwa hamira, kiumbe kile kile kinachoumua mikate na mahamri yetu, ambacho katika makala zilizopita nilikitetea mbele ya wale wanaodhani kwamba elimu tukufu haina budi kutoka kwa viumbe vitukufu. Kwamba baba yake, Arthur, naye alitunukiwa Nobel ya Tiba mwaka 1959, ni hadithi tamu, wala sina ugomvi na mwana kufuata nyayo za mzazi. Walakini hadithi za ukoo zina tabia ya kuwafunika watu wengine.

Watu hao nataka kuwataja. Msomaji anakumbuka kwamba nukleosomu ni jozi 147 za besi za DNA zilizozungushwa kwenye fundo la protini nane ziitwazo histoni, na kwamba Kornberg aliuleta muundo huo mwaka 1974 alipokuwa Cambridge, Uingereza. Lakini mwaka mmoja kabla, katika Chuo Kikuu cha Flinders huko Adelaide, Australia, Hewish na Burgoyne waliona kwamba kimeng'enya kilichomo katika viini vya seli za ini la panya huikata kromatini, yaani DNA pamoja na protini zake, kwa mpango, vipande vyake vikiwa mara mbili, mara tatu, mara nne ya kile kidogo kabisa. Madhali makato yalikuwa na mpango, kromatini nayo ilikuwa na mpango. Ni wanafunzi wangapi wanaoyajua majina hayo mawili? Insafu yataka tuyafundishe.

Kutokana na makato hayo ndipo ilipozaliwa sanaa ya kuchora ramani ya jeni moja moja. Mvua ikinyesha uwanjani, mahali palipotandikwa mkeka hubaki pakavu, na umbo la mkeka likajulikana hata baada ya kuondolewa. Vivyo hivyo protini iliyoshika DNA huikinga na nukleasi (kimeng'enya cha kukata DNA), nayo huacha alama pale isipokatwa. Ili kujua alama iko wapi, DNA hukatwa kidogo, takriban jeraha moja kwa kila uzi. Kisha hukatwa tena kwa kimeng'enya ambacho mahali pake pa kukata panajulikana barabara. Vipande hupangwa kwa urefu ndani ya jeli inayopitishwa umeme, na kijipande chenye mionzi huonyesha vile tu vinavyoanzia kwenye mwisho ule unaojulikana. Urefu wa kila kipande ndio umbali wa jeraha. Njia hii waliitoa Carl Wu nchini Marekani, na Nedospasov na Georgiev mjini Moscow, mwaka ule ule wa 1980, ilhali serikali zao zilikuwa hazisemezani kwa wema.

Nukleasi, hata hivyo, ina upendeleo wake: hukata upesi palipo na A na T kwa wingi, iwapo pana protini au hapana. Kwa hiyo mtafiti mwadilifu huikata pia DNA tupu, iliyovuliwa protini zote, akailinganisha na ile ya kromatini. Asiyefanya hivyo huchora tabia ya kimeng'enya chake akadhani amechora jeni. Taksiri hii ya kutojipima haipo maabara peke yake.

Mfano niupendao kuliko yote ni PHO5, jeni ya hamira inayotengeneza kimeng'enya cha kujipatia fosfati kutoka nje ya seli. Mjini Munich, Wolfram Hörz na wenzake walionyesha mwaka 1986 kwamba fosfati ikiwa tele, nukleosomu nne hukaa imara mbele ya jeni, mbili kila upande wa uwazi mfupi. Ndani ya uwazi huo mna kituo kimoja cha protini iitwayo Pho4, inayoiamsha jeni hii. Kituo cha pili kimefichwa chini ya nukleosomu ya jirani. Fosfati ikiadimika, nukleosomu zote nne huondoka, jozi kama 600 zikabaki wazi, na kituo kilichofichwa kikapatikana. Je, kuondoka huko ni sababu ya jeni kuamka, au ni matokeo tu? Mwaka 1988, Han na Grunstein wa Los Angeles waliipunguzia hamira histoni, na PHO5 ikaamka hali fosfati ipo. Hiyo ndiyo ithibati.

Kornberg mwenyewe aliirudia jeni hii: mwaka 2003 maabara yake ilithibitisha kwamba nukleosomu za PHO5 hufumuka kabisa jeni inapofanya kazi. Ama picha ya mtambo wa kunakili, aliyoitoa mwaka 2001 na ambayo ndiyo hasa iliyomletea nishani, nafasi ya leo haitoshi kuieleza. Wala ramani ya mwaka 2005 kutoka Harvard, iliyopima nukleosomu kwa maelfu na kuona uwazi wa jozi takriban 150 mbele ya jeni nyingi. Nitaanza na picha ya mtambo huo katika makala ya tano, na msomaji aliyetupa makala ya pili, iliyoeleza RNA, afadhali aitafute.