Kilo za ng'ombe zimo nyuma ya bega

Katika minada mingi ng'ombe huuzwa kwa macho. Mchuuzi humzunguka dume, humbonyeza mgongoni, hutaja bei. Mfugaji asiyejua mnyama wake ana kilo ngapi hana cha kujibu zaidi ya kulalamika kwamba bei ni ndogo. Mizani ya kupimia ng'ombe ni ghali, na penye mizani mara nyingi hakuna wa kuitengeneza ikiharibika. Futi ya fundi cherehani, hata hivyo, ipo kila duka la vitambaa.

Kipimo kikuu ni mzunguko wa kifua. Futi hupita nyuma tu ya miguu ya mbele, karibu na kwapa, ikapanda hadi nyuma ya nundu. Ikipita juu ya nundu, umeongeza sentimita ambazo hazina nyama ya kutosha kuzilipia. Ng'ombe asimame pahali tambarare, miguu minne sawa, kichwa kikiwa kimetulia. Akiinamia majani, kifua hubadilika. Kaza futi iguse ngozi bila kuzama. Na kwa kuwa futi ya cherehani huishia sentimita 150, dume kubwa litaishinda: mzungushie kamba isiyonyumbuka, weka alama kwa kidole, kisha pima kamba chini.

Kipimo cha pili ni urefu, kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa kalio unaochomoza pembeni mwa mkia. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha tena kwa urefu, gawanya kwa 10,840. Dume lenye kifua cha sentimita 150 na urefu wa 125 litatoa takriban kilo 260.

Namba hiyo 10,840 haikudondoka mbinguni. Chukulia kiwiliwili ni pipa lililolazwa, lililojaa maji: hesabu ileile ingegawanywa kwa 12,566, na jibu lingekuwa kilo 224. Kigawanyo kidogo zaidi huongeza kilo 36 hivi, ambazo tunaweza kuziona kama fungu la kichwa, shingo na miguu. Hapo pia utaona kwa nini kifua ndicho cha kuchunga: kinazidishwa mara mbili. Ukikosea sentimita 3 kwenye kifua cha huyo dume, umekosea kilo 10 hivi. Kosa hilohilo kwenye urefu ni kilo 6. Wengi hupima kifua mara tatu na kuchukua wastani, na ni busara, kwa sababu mnyama hupumua.

Kanuni hii asili yake ni ng'ombe wa nchi za baridi, wenye miili minene. Zebu wetu ni mwembamba, ana nundu, na miezi ya kiangazi humbadilisha sana. Ndiyo maana tepu za dukani zilizochapwa kilo moja kwa moja, nyingi zikiwa za ng'ombe wa maziwa wa kizungu, zinaweza kumdanganya mwenye zebu. Watafiti waliowapima zebu wa magharibi mwa Kenya walitengeneza kanuni yao wenyewe inayotumia kifua peke yake. Ng'ombe mwenye mimba kubwa usimweke katika hesabu hii kabisa.

Kuna jambo moja ambalo kwalo futi huishinda mizani, nalo huwaudhi wajanja. Ng'ombe aliyenyweshwa lita 30 za maji asubuhi ya mnada ameongezeka kilo 30 mizanini, ilhali maji hayo yako tumboni, na kifua nyuma ya bega hakibadiliki kiasi hicho. Mchuuzi mzoefu analijua hilo. Ndiyo maana hutazama bega kabla ya tumbo. Naye anawaza nyama: kwa zebu, karibu nusu ya uzito wa mwili ndiyo hubaki baada ya kuondoa ngozi, kichwa, miguu na matumbo. Dume letu la kilo 260 kwake ni kilo 130 hivi za nyama na mifupa, na bei yake huanzia hapo.

Kwa maoni yangu, faida kubwa ya futi iko zaidi kwenye dawa kuliko mnadani. Ivermectin ya sindano, dawa ya minyoo, kwa mfano, kwa kawaida hutolewa mililita 1 kwa kila kilo 50. Mfugaji akimkisia huyo dume kuwa na kilo 180, atachoma mililita 3.6 badala ya 5.2, na minyoo itakayobaki hai ni ile iliyoanza kuizoea dawa.