Mpungate: Uujue Kabla ya Kuupanda

Mkulima, ukitafuta mmea wa kuzungushia boma, huenda jirani akakupa kipande cha mpungate. Usikipande kabla hujajua ni cha aina gani.

Mipungate yote asili yake ni Amerika. Kile tunachokiita jani si jani: ni shina bapa lenye kuweka maji. Majani yake yaligeuka kuwa miiba. Usiuchanganye na mtupa. Mtupa ukikatwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa, mpungate hautoi.

Hapa Kenya chunguza hasa aina tatu:

1. Mpungate wa matunda. Huu ni mkubwa kama mti, hupita futi 10. Vipande vyake ni virefu na vinene, na mara nyingi havina miiba mirefu. Matunda yake huliwa na watu.

2. Opuntia engelmannii, wa Mexico na kusini-magharibi ya Marekani. Vipande vyake ni vipana, vya mviringo, vyenye miiba mingi myeupe.

3. Opuntia stricta, ulio mdogo. Kwa kawaida haupiti kimo cha mtu. Vipande vyake vina umbo la yai na rangi ya kijani-buluu, na miiba yake ni ya manjano. Maua ni ya manjano. Tunda likiiva huwa zambarau.

Usidharau huo mdogo. Huko Laikipia uliletwa zamani za ukoloni uwe ua. Nyani na ndovu walikula matunda wakatawanya mbegu, na leo umefunika malisho mengi. Mbuzi akila tunda, vimiiba vilivyo kama nywele humchoma ulimi, ufizi na tumbo. Hatimaye hushindwa kula, akakonda, akafa. Wataalamu wameleta mdudu anayeufyonza mmea huo. Utamtambua kwa utando mweupe kama pamba. Ukimponda hutoa rangi nyekundu.

Ukiuona shambani mwako, usiufyeke na kuuacha chini, wala usiutupe mtoni. Kila kipande kikigusa udongo huota mizizi. Vaa glavu nene, ung'oe pamoja na mizizi, uufukie katika shimo refu, kisha urudi kukagua machipukizi. Mwarifu pia Bwana Shamba wako.

Kwa ua wa boma, panda kaiyaba. Una miiba ya kutosha kuzuia ng'ombe, nao hukubali kukatwa.