Ndege Ndogo Hutuaje Upepo Ukivuma Ubavuni?

Anayekaa karibu na uwanja wa ndege huenda ameshaona jambo la kushangaza: ndege ndogo inakuja kutua, lakini pua yake imeelekea pembeni. Mtazamaji hudhani rubani amepotea njia. La, hakupotea. Anakabiliana na upepo wa ubavuni.

Kwanza tujue kuwa ndege hutua vizuri zaidi ikiukabili upepo, kwani hugusa ardhi kwa mwendo mdogo. Kwa hiyo wajenzi wa viwanja huangalia pepo za mahali. Njia ya uwanja wa Unguja ina namba 18 na 36, yaani nyuzi 180 na 360: kusini na kaskazini, karibu sawa na pepo zetu za kusi na kaskazi. Lakini upepo hugeuka, na njia haigeuki.

Tufanye hesabu kidogo. Upepo wa noti 20 (kama kilomita 37 kwa saa) ukija kwa pembe ya nyuzi 30 na njia, nguvu inayosukuma ubavuni ni nusu, noti 10. Ukija kwa nyuzi 60, ni zaidi ya noti 17. Kitabu cha Cessna 172S, ndege ya watu wanne, kinataja noti 15 kuwa upepo mkubwa wa ubavuni uliothibitishwa katika majaribio. Upepo ni ule ule, lakini pembe imebadilisha uamuzi.

Sasa rubani hufanyaje?

Kwanza, huelekeza pua kidogo kule unakotoka upepo. Ni kama nahodha anayevuka mkondo: haelekezi ngalawa moja kwa moja kwenye bandari, huilenga juu zaidi ili mkondo umfikishe. Ndege huja upande upande, kama kaa, lakini inabaki juu ya mstari wa katikati.

Pili, haifai kugusa ardhi hivyo, kwani magurudumu yataburuzwa kiubavu na ndege inaweza kuvunjika miguu au kutoka nje ya njia. Basi karibu na ardhi rubani hukanyaga pedali ya upande wa pili ili pua inyooke. Wakati huo huo huzungusha usukani kuelekea upepo, bawa la upande huo lishuke kidogo na ndege isisukumwe.

Tatu, gurudumu la upande wa upepo hugusa kwanza, kisha la pili, mwisho la mbele. Hata hapo kazi haijaisha. Mwendo ukipungua, huzidi kuzungusha usukani kuelekea upepo, maana dhoruba ndogo yaweza kuliinua bawa na kuipindua ndege.

Je, ndege ikiyumba na mstari ukipotea? Rubani mwema halazimishi. Huongeza nguvu ya injini, hupaa tena, akajaribu upya au kwenda uwanja mwingine ambao njia yake inaukabili upepo. Abiria wengine hunung'unika wakiona hivyo, wakidhani rubani hajui kazi. Kumbe hapo ndipo anapowalinda. Kuchelewa nusu saa si hasara. Kulazimisha kutua kunaweza kugharimu roho za watu.

Siku ukiwa ndani ya ndege ikapaa tena badala ya kutua, usiogope wala usilaumu. Haraka haraka haina baraka.