Kutoka Nyatiti hadi Kinanda: Msanii na Hadhira Yake katika Nyakati Ngumu Migori na Homa Bay

Utangulizi

Sanaa haielei hewani. Hutegemea tumbo la msanii na mfuko wa hadhira. Nchini Marekani, mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 uliwalazimu watunzi wa muziki wa kitaalimu kujiuliza walikuwa wakimtungia nani. Aaron Copland, aliyekuwa akitunga kazi nzito zilizoeleweka na wachache, aligeukia nyimbo za wachunga ng'ombe na kutunga *Billy the Kid* (1938). Aliwatungia hata wanafunzi wa shule opera, *The Second Hurricane* (1937). Makala haya yanaeleza jinsi mwelekeo unaokaribiana na huo ulivyojitokeza Migori na Homa Bay, na swali unaloliibua kuhusu fasihi simulizi.

Kutoka nyatiti hadi benga

Nyatiti ni ala ya nyuzi nane. Mpigaji huketi chini, huvaa njuga mguuni na pete ya chuma kidoleni mwa mguu, ambayo huigonga ala ili kutoa mdundo. Huimba, hucharaza na kugonga kwa wakati mmoja. Ustadi huo huhitaji miaka mingi ya mafunzo. Aidha, matini yake ni mazito: matangani, *jathum* (mwanamuziki) hutarajiwa kuzijua nasaba na methali za ukoo wa marehemu.

Vita vya Pili vya Dunia na uhamiaji wa vijana kwenda mijini kutafuta kazi vililileta gitaa. Benga ilipochipuka, gitaa liliiga mcharazo wa nyatiti. D. O. Misiani (1940–2006), mzaliwa wa eneo la Shirati, ng'ambo ya mpaka wa Migori, aliufikisha mtindo huo mbali akiwa na bendi ya Shirati Jazz. Mtayarishaji Oluoch Kanindo naye alieneza sahani za santuri hadi Zimbabwe, ambako muziki wa aina hiyo uliitwa kwa jina lake. Ni bayana kwamba kurahisisha hakukuwa kufukarisha: Misiani alitumia istiara za wanyama kuwasema watawala, na alitiwa mbaroni mara kadhaa.

Ohangla na miaka ya dhiki

Kanda bandia zilipolidhoofisha soko la santuri, na UKIMWI ulipozikumba jamii za kandokando ya ziwa katika miaka ya 1990, kudumisha bendi kubwa kukawa kugumu. Ohangla, ngoma ya kale ya harusi na matanga, ilirudi kwa sura mpya: kinanda cha umeme kilichukua nafasi ya wapigaji kadhaa. Gharama zilipungua na vijana wakacheza.

Nani hulipa?

Hapa ndipo tofauti na Marekani inapojitokeza. Kuanzia mwaka 1935, serikali ya Marekani iliwalipa wanamuziki wasio na kazi kupitia mradi maalumu. Migori na Homa Bay, mlipaji amekuwa hadhira yenyewe kupitia *pakruok*: msikilizaji husimamisha muziki, hutoa pesa, kisha hujisifu au kumsifu rafiki yake. Utaratibu huu una pande mbili. Kwa upande mmoja, humfanya msikilizaji kuwa mtunzi mwenza, sifa ya msingi ya fasihi simulizi. Kwa upande mwingine, mwenye fedha husikika zaidi, na msanii huweza kugeuka mpambe wa tajiri au mwanasiasa. Aidha, mikesha ya muziki matangani, maarufu kama disko matanga, imepigwa marufuku na maafisa wa serikali mara kadhaa kwa sababu ya hatari zinazowakabili wasichana. Kufuata matakwa ya umma, basi, si sawa na kuutetea umma.

Hitimisho

Wanafunzi wa Kiswahili wanalifahamu suala hili. Muyaka bin Haji wa Mombasa husifiwa kwa kuutoa ushairi msikitini na kuupeleka sokoni, na hakuna anayemwona mnyonge kwa hilo. Kigezo kisiwe ugumu wa kazi wala wingi wa wachezaji, bali kile ambacho msanii anathubutu kukisema akishafika sokoni. Kwa kigezo hicho, fumbo la Misiani lina uzito sawa na nasaba za mpiga nyatiti. Ohangla nayo inastahili kurekodiwa na kuhakikiwa, sifa zake za kununuliwa zikiwemo, kabla kumbukumbu ya miaka hiyo ya dhiki haijazikwa pamoja na walioiimba.